Kichwa cha Mwanamke wa Kauri

Sanamu ile ilifika mjini Kisii ndani ya kontena la vyombo vya mitumba, imeviringishwa kwa magazeti ya Kijerumani, na ilifika bila kichwa. Aliyeinunua, pamoja na masanduku ya sahani na birika, ni rafiki yangu wa Kiislamu mwenye duka karibu na soko. Tulisoma darasa moja. Mimi nikawa mwalimu wa shule ya msingi, yeye akarithi biashara ya kwao, na hadi leo nikitoka kazini hupita pale tuzungumze kabla sijapanda kwenda nyumbani.

Siku aliyonionyesha, alikuwa ameisimamisha juu ya kaunta, katikati ya vikombe. Urefu wake ulikuwa kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Alikuwa mwanamke ameegemea nguzo fupi, kiganja kimoja juu ya mdomo wa mtungi. Vazi lake liliteremka hadi miguuni kwa mikunjo mingi myembamba, na chini ya mikunjo goti moja lilionekana limepinda kidogo, kana kwamba anapumzika kabla ya kuendelea na safari. Kauri yake haikung'aa kama ya vikombe vilivyoizunguka. Ilikuwa nyeupe tu, kavu, na ukiigusa vidole havikuteleza. Kilichonijia akilini ni ngozi ya maiti iliyooshwa. Nikaondoa mkono.

"Ni ya Ujerumani, ya zamani sana," rafiki yangu aliniambia. "Enzi hizo walipenda kuiga sanamu za Wayunani wa kale, ndiyo maana amevaa hivi. Nimepata mteja, mama wa Nairobi anayepamba nyumba yake. Ila anaitaka ikiwa na kichwa. Anasema hivi ilivyo inamtisha."

Mama mkwe wake alikuwa ameketi nyuma ya pazia akichambua mchele. Akasema bila kuinua macho, "Iacheni hivyo hivyo. Isiyo na kichwa haina neno. Ni chombo tu, kama hivyo vingine."

Rafiki yangu akainama karibu nami. "Mimi siwezi kumwambia mtu atie uso pale. Sitaki nije kuulizwa Siku ya Kiyama. Lakini baba yako ni mchongaji. Mpelekee, mzungumze wenyewe. Atakachosema, ni sawa."

Nikaiweka kwenye kikapu, nikaifunika kwa leso, nikaipeleka nyumbani.

Baba yangu, tunayemwita Tata kama Wakisii wote wanavyomwita baba, amechonga mawe tangu ujana wake. Siku hizi anachongea uani, kwenye banda la mabati, na mawe analetewa kwa pikipiki kutoka machimboni Tabaka. Huchonga viboko, bakuli, vibao vya sataranji, na zile sanamu za watu wanaokumbatiana ambazo watalii hupenda. Watu wake hawana nyuso. Kichwa ni duara tu, laini kama yai. Ndivyo alivyofundishwa, na hakuna mnunuzi aliyewahi kulalamika.

Aliizungusha ile kauri kwa muda mrefu akiipapasa mikunjo.

"Huyu hakuchongwa," alisema. "Alimiminwa, kisha akachomwa motoni. Tazama palipovunjika, ni kama mfupa."

"Utaweza?"

"Jiwe jeupe ninalo. Uso ndio sijui."

Nilimwonyesha picha za sanamu za Kiyunani kwenye simu yangu. Akazitazama, akasema wanawake wale wote wanafanana kama mayai, kisha akanirudishia simu na hakuiomba tena.

Alianza kesho yake. Nilimkuta jioni ameinama, kisu kidogo mkononi, na chini ya miguu yake vumbi jeupe limejaa kama unga. Kwa kawaida Tata huchonga huku akizungumza, atakuuliza habari za shule, atawasema majirani. Safari hii alikuwa kimya. Chai niliyomletea ilipoa hadi ikafanya utando. Kidevu kilimsumbua: kipande kilibanduka chini ya taya ya kulia, naye badala ya kutupa jiwe akashika tupa akakilainisha pale pale, na taya ikabaki imepinda kidogo.

"Utaanza lingine?" nilimuuliza.

"Hapana. Huyu ameshakuja."

Akashika tena kisu.

Kazi ya kusugua ni yangu na mama tangu zamani. Jiwe likishachongwa hulowekwa kwenye beseni, kisha husuguliwa kwa msasa ndani ya maji, kwanza ule mkali, halafu ule laini, mpaka mikwaruzo iondoke. Kwa siku kadhaa, kila nikirudi shuleni, nilikaa kwenye kigoda uani na kile kichwa kiganjani. Kilikuwa kidogo, kilienea kwenye ngumi. Nilisugua paji la uso, mashavu, pembeni mwa pua. Macho Tata aliyafumbua kidogo tu, kama ya mtu anayetazama chini. Juu ya nyusi ya kushoto palikuwa na kishimo ambacho msasa haukukifikia. Nilikisugua sana. Kila nilipodhani kimeisha, jiwe likikauka kilionekana tena.

Kilichonisumbua zaidi ni joto. Maji ya beseni yalikuwa baridi, mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, lakini jiwe lilikuwa na uvuguvugu. Nilijiambia ni jua la mchana limeingia ndani yake. Siku iliyofuata mvua ilinyesha tangu asubuhi, na bado lilikuwa vuguvugu. Nilimpa mama alishike. Alilishika, akanirudishia, akaenda kupika. Tangu hapo hakusugua tena.

Tata alitoboa tundu chini ya shingo, akatia kijiti cha chuma, akakibandika kichwa kwenye kauri kwa gundi kali. Alikigeuza kuelekea kushoto, kidogo tu, kikawa kinautazama mtungi. Ule mshono ukijua ulipo ndipo utauona. Jiwe na kauri vilikuwa na weupe mmoja. Mwanamke yule wa Kiyunani sasa alikuwa na uso wa mtu wa kwetu, mwembamba, mwenye mashavu yaliyoingia ndani, mtu aliyechoka lakini anayesubiri kwa adabu. Sikutaka kubaki naye sebuleni peke yangu. Nilimpiga picha kwa simu, nikamgeuza atazame ukuta.

Wiki hiyo nyanya yangu alikuwa kwetu. Magokoro, mama yake Tata, anaishi juu kule Manga, na alikuwa ameletwa mjini kutazamwa macho. Daktari alisema hakuna la kufanya. Yeye hakuhuzunika sana, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuzoea giza. Anaijua nyumba yetu kwa mikono. Jumamosi, sisi Wasabato tuliporudi kanisani, alienda kukaa kwenye kiti chake karibu na meza, akaipapasa meza kutafuta kikombe, na vidole vyake vikaikuta sanamu.

Alianza na vazi. Akapanda polepole hadi begani, halafu shingoni, halafu usoni. Vidole vikasimama kwenye kile kishimo juu ya nyusi.

"Nani amemleta huyu?" aliuliza kwa Ekegusii.

"Ni kazi, Magokoro," nilimjibu. "Tata amechonga kichwa tu. Mwili ni wa Wazungu."

"Hapa aliangukia jiwe la kusagia," alisema, kidole bado juu ya nyusi. "Alikuwa anajifunza kutembea. Damu ilijaa mikono yangu." Akapapasa mashavu kwa vidole gumba viwili, kama mtu anavyompokea mtoto aliyetoka shule ya bweni. "Amekonda. Mbona amekonda hivi?"

Tata alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anashika mwimo.

"Na hili silijui," Magokoro akasema. Alikuwa amefika kwenye taya iliyopinda. "Hili amelipata baadaye. Ni nani aliyempiga mtoto wangu?"

Hapo ndipo niliposikia habari za shangazi yangu kwa ukamilifu. Nilijua kwamba Tata alikuwa na dada mdogo, na nilijua hatajwi. Mengine walinieleza mchana ule, Tata akianza, Magokoro akimaliza. Alikataa mume ambaye babu alikuwa amemchagulia. Babu akamfukuza, akachoma nguo zake na picha yake ya shule, ambayo ndiyo pekee aliyowahi kupigwa, na akaapa kwamba yeyote atakayemtafuta asije kwenye mazishi yake yeye babu. Aliondoka mimi nikiwa mgongoni mwa mama. Babu alipofariki Tata alimtafuta Kisumu na Nakuru, kila alikosikia mtu ameonekana. Hakumpata.

"Ulikusudia kumchonga yeye?" nilimuuliza Tata tulipobaki wawili.

"Nimesahau sura yake," alisema. "Hilo ndilo nisilomwambia mama. Ukiniambia niichore chini kwa kijiti sasa hivi, siwezi."

Jumatatu niliirudisha sanamu dukani, kwa kuwa gari la mteja lilikuwa linakuja. Rafiki yangu aliifunua, akaitazama, kisha akaifunika tena upesi. Mama mkwe wake alitoka nyuma ya pazia, akachungulia chini ya leso.

"Sasa si chombo tena," alisema, akarudi ndani.

Dereva alikuja, akaipanga ndani ya sanduku lenye vipande vya sponji, akaondoka nayo. Nilihisi nimetua mzigo. Jioni ile, kwa sababu walimu wenzangu walikuwa wakiniuliza habari za Tata na kazi zake, nilituma ile picha kwenye kikundi chetu cha simu. Niliandika tu: kazi ya mzee wangu.

Watu walisifu. Halafu mwalimu mmoja anayetoka Gesima akaandika: "Mbona mmemchonga jirani yetu?"

Nilidhani anatania. Nikampigia simu.

"Sitanii," alisema. "Huyo ni mama anayechuma majani ya chai kwenye shamba lililopakana na letu. Hata taya ni lake. Alianguka na kikapu cha majani kwenye mteremko, mwaka ule wa mvua nyingi, na mfupa haukuunga vizuri. Baba yako amemwona wapi?"

Tata hakuwahi kukanyaga Gesima maisha yake yote. Na bado, kutoka nyumbani kwetu ni mwendo wa gari wa kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana.

Tulikwenda sisi wawili, Tata na mimi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya michai tulipofika, na wachumaji walikuwa wanaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu tu, wamevaa karatasi za nailoni, wakisonga bila sauti. Yule mwalimu mwenzangu, aliyekuwa ametungojea barabarani, alituelekeza kwa kidole. Mwanamke mmoja alikuwa mbali kidogo na wengine. Alichuma kwa mikono miwili kama wao, lakini kichwa chake kilikuwa kimegeukia kushoto, kimeinama, na hakikunyooka hata alipobadilisha mstari. Alipotaka kututazama aligeuza mwili mzima.

Nilimjua kabla hajatukaribia. Nilikuwa nimeushika uso ule kiganjani siku nyingi.

Tata alisimama kwenye njia ya michai na kofia yake mkononi. Alimwita kwa jina lake la utotoni. Yule mwanamke akatua kikapu chini, akamtazama kwa muda.

"Umezeeka," alisema.

"Mama yuko hai," Tata akamwambia. "Anakuuliza."

Walikaa chini pale pale, kwenye majani yenye umande, na sikumbuki kama walilia au la. Mimi nilitazama kando.

Baadaye alitupeleka nyumbani kwake, chumba kimoja cha mabati karibu na kituo cha kununulia majani, akatupa uji na ndizi za kuchemsha. Alisema alijua babu amekufa. Alikuwa amesikia sokoni Ekerenyo, lakini aliogopa kwamba na waliobaki wana neno lile lile. Hakuwahi kuolewa. Mtoto aliyempata alimfia akiwa mdogo, na tangu hapo aliona hana cha kurudi nacho.

Nilimuuliza kuhusu shingo.

"Ni ya juzijuzi," alisema. "Niliamka imekaza hivi. Haiumi. Imekataa tu kugeuka, kama imefungwa kwa chuma." Alijipapasa shavu. "Lakini kabla ya hapo nilikuwa na kitu kibaya zaidi. Nitakwambia na utasema mimi ni kichaa."

"Sitasema."

"Kila jioni, nikiwa hapa nje naosha vyombo, nilihisi mtu ananishika uso. Simwoni. Ananisugua kwa kitu cha maji chenye mikwaruzo. Hapa, na hapa, na pembeni mwa pua. Na hapa juu ya nyusi alisugua mpaka nikawa nafumba macho. Siku ya mvua pia alikuja. Nilienda zahanati, muuguzi akasema ngozi ni nzima, akanipa mafuta ya kupaka."

Tata aliweka kikombe chini. Mimi niliitazama mikono yangu, ikiwa bado na weupe wa vumbi la jiwe pembeni mwa kucha, nikaiingiza ndani ya sweta.

Ningeweza kunyamaza. Tata ndiye aliyesema, "Mwonyeshe." Nikatoa simu, nikafungua picha.

Shangazi aliishika kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu kuliko tulivyotazamia, na uso wake haukubadilika, ndiyo maana nyuso mbili zile zilizidi kufanana.

"Anatazama nini kwenye mtungi?" aliuliza.

"Hakuna kitu mle," Tata alisema. "Nitakutoa pale. Nitaweka maji ya moto, gundi italegea, nitakitoa kichwa pole pole."

"Na kikivunjika?"

Tata alimchukulia simu mikononi, akaizima.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nampigia rafiki yangu wa dukani. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunicheka, akasema atampigia mteja mara moja. Yule mama wa Nairobi alijibu kwamba ameipenda mno, hauzi. Tulipojaribu tena baada ya muda alisema ameitoa zawadi harusini. Alipoulizwa ni harusi ya nani aliudhika, na tangu hapo simu ya rafiki yangu haipokelewi. Sanamu iko kwenye nyumba ya watu tusiowajua, wasiojua wana nini. Tata aliniambia siku moja kwamba angeweza kuchonga kichwa kingine, kizuri zaidi, chenye shingo iliyonyooka, pengine kingesaidia. Nilimpelekea shangazi wazo hilo.

"Mmoja anatosha," alisema.

Alihama Gesima kabla ya mwaka kwisha. Sasa anaishi Manga na Magokoro, kwenye nyumba ile ile alimofukuzwa, na wanasikilizana kwa namna ambayo mimi na mama yangu hatujawahi. Siku ya kwanza Magokoro alimpapasa uso wote, nyusi, mashavu, taya, akasema, "Ndiyo. Huyu ndiye niliyemshika." Alimlisha mpaka mashavu yakajaa kidogo. Shingo haijarudi. Kanisani huketi upande wa kulia ili aweze kumwona mchungaji.

Hazungumzii mambo haya kwa wageni. Kwetu sisi huyasema kama mtu anavyosema hali ya hewa. Kuna wakati alikuwa na baridi mfululizo, tena kipindi cha jua kali, akasema wamemweka mahali pa giza, pengine kabatini. Halafu asubuhi moja akatoka jikoni akisema wamemhamisha, yuko karibu na dirisha, shavu moja linapata jua. Magokoro alimshukuru Mungu kwa hilo wakati wa maombi, kwa sauti, kama anavyoshukuru kwa mavuno.

Mwezi uliopita niliwatembelea. Tulikaa nje wote watatu tukipukuchua maharagwe, upepo ukitoka upande wa bonde. Katikati ya maneno shangazi alinyamaza. Mikono yake ilisimama juu ya ungo, akafumba macho, akakaa wima bila kutikisika.

"Shangazi?"

"Ngoja kidogo," alisema. "Kuna mtu ananipangusa vumbi."

Magokoro aligeuza uso kuelekea sauti yake. "Ni yule wa kila siku?"

"Hapana. Huyu ni mgeni."

"Ana mikono ya namna gani?"

Shangazi alifikiri, macho bado yamefumbwa.

"Ya upole," alisema. Akangoja mpaka mtu yule alipomaliza, kisha akachukua ganda jingine la maharagwe akalifungua.